SI KILA DOA NI MWIBA

Jambo ninaloandika leo limenikera tangu likizo.

Nyanya mmoja jirani yetu hapa Amukura alikuwa na doa jeusi kisiginoni. Sisi sote tulisema, "Aa, huo ni mwiba tu, alikanyaga akipalilia." Akapakwa dawa za miti. Doa likapanuka, likawa kidonda. Alipofikishwa hospitalini, mguu ulikatwa. Kumbe ilikuwa melanoma, yaani kansa ya chembe zinazoipa ngozi rangi.

Wengi wetu hudhani eti kansa ya ngozi ni ya Wazungu. Si hivyo! Kweli, melanoma hutupata kwa nadra kuliko wao, lakini ikija, mara nyingi hujificha kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Bob Marley, ambaye nyimbo zake twazisikia kwenye matatu za Malaba, ilimwanzia kidoleni mguuni. Mwanzoni ilidhaniwa ni jeraha la kandanda. Alifariki 1981, akiwa na miaka 36 tu.

Sasa, kuna chombo kiitwacho dematoskopu. Ni lenzi yenye taa, hutoshea mfukoni, hukuza doa kama mara 10. Hakikati wala hakichomi. Mkulima wa viazi vitamu angekielewa upesi, maana ngozi ya wayo ina matuta na mifereji kama shamba. Doa lisilo na madhara kwa kawaida hufuata mifereji. Melanoma hupenda kupanda juu ya matuta. Madaktari wa Japani ndio walioeleza tofauti hiyo. Doa likitiliwa shaka, ndipo kipande hukatwa kikapimwe maabara.

Maoni yangu ni kwamba chombo hiki kifike kwetu mashambani. Alupe, hapo karibu, wagonjwa wa ukoma walitibiwa miaka mingi. Magonjwa ya ngozi si mageni kwetu. Huko Moshi, Tanzania, kuna kituo kilichofunguliwa 1992 kinachowafundisha matabibu magonjwa ya ngozi. Mbona Busia isipeleke wake? Mtasema malaria kwanza. Sawa, lakini muulizeni nyanya yule jinsi anavyolima kwa magongo.

Leo jioni bwenini, kabla hujavaa soksi, mwombe mwenzako akutazame nyayo. (Oga kwanza, tafadhali!)