Wasifu Husomwa Mwenyewe Hasikii

Mpenzi msomaji, ukitaka kukutana na watu wasio na doa, usihangaike kuwatafuta mitaani wala sokoni. Nenda msibani. Hapo chini ya turubai, kabla ya salamu za rambirambi kwisha, atasimama msemaji wa familia na karatasi mkononi, naye atatusomea habari za mtu ambaye tuliishi naye miaka thelathini bila kumfahamu. Tutaambiwa kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu, mchapakazi, wala hakuwahi kugombana na mtu. Majirani waliokuwa na kesi naye ya mpaka wa shamba watatazamana, kisha watainamisha vichwa kwa heshima.

Sisi tumezisikiliza karatasi za namna hiyo mara nyingi, na baadhi yake, tukiri, tumeziandika wenyewe.

Lugha yetu nayo ina sehemu yake ya lawama. Neno sifa hubeba maana mbili: hali aliyo nayo mtu, na maneno mazuri anayosemwa. Wasifu ni ndugu wa neno hilo. Kwa hiyo mwandishi aliyeombwa aeleze jinsi mtu alivyokuwa, hujikuta akieleza jinsi sote tulivyotamani awe. Hatusemi kwamba jeneza ligeuzwe kizimba cha mahakama. Aliyelala humo hawezi kujitetea, na wafiwa wanahitaji kufarijiwa. Tunasema tu kwamba ni ajabu jinsi kalamu inavyokuwa na ukarimu pale ambapo ukarimu haugharimu tena kitu.

Wako waliojiandika wenyewe kabla familia haijapata nafasi. Agostino, Askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, alipoandika Maungamo yake kuelekea mwaka 400, alieleza bila kuficha kwamba akiwa kijana wa miaka 16 aliiba mapea ya jirani pamoja na wenzake. Tena si kwa njaa, kwa maana mengi waliwatupia nguruwe. Ingekuwa kazi hiyo amepewa msemaji wa familia, tungesoma leo kwamba marehemu alipenda matunda na mifugo tangu ujana wake.

Lakini kosa kubwa zaidi si kusema uongo juu ya wafu. Ni kuwanyima ukweli walio hai. Hilo tulifundishwa na mama mmoja mjane.

Miaka kadhaa iliyopita tuliombwa kuandika wasifu wa mumewe, fundi seremala aliyekuwa jirani yetu. Tuliketi kwenye meza aliyotutengenezea yeye mwenyewe, meza ambayo miguu yake haijawahi kuyumba, tukaandika kwamba alikuwa fundi asiye na mfano, na kwamba katika maisha yake hakuwahi kumchelewesha mteja. Waombolezaji walilia, nasi, Mungu atusamehe, tulifurahi kidogo kuona kalamu yetu ikiwaliza. Baada ya mazishi yule mama akatushukuru, halafu akauliza kwa sauti ya chini: “Baba, hayo ya meza uliwahi kumwambia mwenyewe? Maana alikuwa akiniuliza kama uliipenda.”

Hatukuwa na jibu. Siku marehemu alipoileta meza ile, neno letu la kwanza lilikuwa kwamba amechelewa siku nne, na kwa ajili ya siku hizo nne tulimkata bei.

Tangu hapo tumejiuliza kwa nini ni vigumu hivyo kumsifu mtu anayetusikia. Wengi hujikinga kwa methali: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ni kweli, wapo wagema wa namna hiyo. Lakini tukiwa wakweli tutakubali kwamba mara nyingi si tembo tunalolihofia. Tunaogopa kwamba tukimsifu fundi atapandisha bei, tukimsifu mtoto atadeka, tukimsifu mwenzetu atatupita. Marehemu peke yake ndiye asiyeweza kutupita, na ndiyo maana humwagiwa sifa zote alizowekewa akiba.

Shaaban Robert, aliyeishi kati ya mwaka 1909 na 1962, alituonyesha njia nyingine. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu kutoka Fumba, Unguja, aliyeanza kwa kuuza vyungu na ambaye sauti yake ilikwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928. Siti alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo mwandishi alimwendea angali hai, akasikiliza habari za maisha yake kutoka kinywani mwake, wala hakuuficha umaskini wake. Bibi yule hakuhitaji kufa ndipo apate mtu wa kumsikiliza.

Basi, mpenzi msomaji, juma hili tunakupa kazi ndogo. Chukua karatasi, chagua mtu mmoja aliye hai, na uandike wasifu wake: mwalimu aliyekufundisha kusoma, dada anayekupikia, jirani anayekulindia nyumba unaposafiri. Usimpambe. Andika jambo moja la kweli alilokutendea, pamoja na siku nne alizochelewa ikibidi, kisha umpelekee ausome mwenyewe. Huenda atacheka. Huenda atadhani unataka kumkopa fedha. Mvumilie, hajazoea, wala wewe hujazoea.

Meza ile bado imesimama imara. Ndiyo tuliyoandikia maneno haya, na tunaipenda sana.