TELA NALO LIPIMWE

Mtu akisimama kando ya barabara kuu hapa Vwawa, saa yo yote ya mchana au ya usiku, ataona malori yenye matela yakipita mfululizo. Yaendayo Tunduma hubeba mafuta, mbolea na bidhaa zilizoshushwa bandarini Dar es Salaam. Yarudiyo hubeba shaba ya Zambia na Kongo. Si jambo geni. Mwezi wa Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake wa uwongo kule Rhodesia, na Zambia ikakatiwa mafuta, njia hii ndiyo iliyogeuka kuwa koo la jirani zetu. Mwaka 1966 ikaundwa Zambia-Tanzania Road Services, na matela yakaanza kukokotwa katika vumbi na matope, hata njia ikapewa jina la Jahanamu. Lami ikaja, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, lakini matela hayakupungua.

Leo twataka kusema habari ya tela lenyewe. Hatusemi kwamba hakuna sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hailiachi tela nje. Lina namba yake ya usajili, mbali na ile ya kichwa kinacholivuta, na askari wa usalama barabarani anayo mamlaka ya kulisimamisha na kulikagua. Tunalotaka ni zaidi ya hapo: kila tela zito lipimwe kwa mashine kila mwaka, kwa namba yake lenyewe, na likikosa cheti lisifungwe nyuma ya gari lo lote.

Sababu yake ni rahisi kwa mtu aliyewahi kutazama chini ya gari hizi. Lori na tela lake, vikijaa mzigo, huruhusiwa kufikia tani 56. Katika tani hizo kichwa chenyewe hakizidi sana 10. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ya kuuzuia mzigo mteremkoni ni ya magurudumu ya tela, wala si ya kichwa. Breki za tela hupata upepo kwa mipira miwili inayotoka kwenye kichwa, na mtungi wa upepo hukaa chini ya tela. Mpira ukivuja, au breki zikilika bila kurekebishwa, dereva aweza kukanyaga kwa nguvu zake zote na magurudumu ya nyuma yasishike. Hapo breki za kichwa hubeba kazi ya zote, zikapata moto, nazo zikaacha kushika. Na lililo baya zaidi, fundi wa njiani akiona breki ya gurudumu moja inasumbua, huweza kuifunga isifanye kazi ili safari iendelee. Kwa macho hutagundua. Rangi ya tela itang'aa na taa zitawaka.

Zaidi ya hayo, vichwa hubadilishana matela. Tela lililoletwa jana na kichwa kimoja huondoka leo na kingine. Kukagua kichwa peke yake ni sawa na kumpima afya ng'ombe mmoja wa jozi ya plau.

Hapo Mpemba, kabla ya kuingia Tunduma, pana mizani. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2019, gari lililozidisha uzito hutozwa fedha nyingi. Ni sheria nzuri, maana barabara ni mali yetu sote. Lakini tazama jinsi tulivyojipanga: twajua kwa kilo uzito unaoikandamiza lami, wala hatujui kama chenye uzito huo chaweza kusimama. Lami imepata mlinzi kabla ya mwenda kwa miguu.

Wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa mteremko wa Senjele, wala ule wa Iwambi ushukao Mbalizi. Julai 2018 lori lililoshindwa kufunga breki liliyagonga mabasi madogo huko Iwambi, watu 20 wakafa. Juni 2025, katika eneo hilo hilo la Mbalizi, wakafa watu 28. Hatudai kwamba chanzo cha kila ajali ni tela. Mwendo wa kasi, usingizi na barabara nyembamba vina sehemu yake. Walakini kila mara lori linapopoteza breki, wa kwanza kutafutwa ni dereva, kama yu hai. Dereva huyu alikabidhiwa tela uani, akaambiwa aondoke usiku huo, na alijua kwamba akikataa yuko mwingine mlangoni anayengoja kazi. Cheti cha tela kingempa neno la kujibu: halina cheti, silivuti. Hiyo ni haki ya mfanyakazi pia.

Tumesikia wenye malori wakisema kwamba upimaji ni gharama na ucheleweshaji. Gharama ipo, na yapaswa kuwa ndogo kwa mwenye tela moja. Ucheleweshaji hatuukubali. Dereva aliyekwisha kulala siku kadhaa katika foleni ya Tunduma, akingoja karatasi za forodha, hakosi nusu saa ya kupitisha magurudumu juu ya mashine. Rushwa ndiyo hoja nzito. Mkaguzi wa macho na nyundo aweza kusema lo lote apendalo. Ndiyo sababu twataka mashine inayochapa nguvu ya kila gurudumu pamoja na namba ya tela, na nakala ifike LATRA siku ile ile, ili leseni ya usafirishaji izuiliwe pasipo mtu kuombwa hisani.

Wala tusichanganye mambo. Mkulima wa Mbozi anayebeba kahawa na mahindi yake kwa tela la trekta au la pawatila asiburutwe hadi kituo cha mashine. Wageni wapitao na nyumba zao za kukokotwa kuelekea Zambia nao ni wachache. Uingereza yenyewe, inayopima matela mazito kila mwaka tangu 1968, haizilazimishi nyumba hizo kupimwa. Kwa tela la shamba yatosha vibandiko vya kung'aa nyuma, mnyororo wa akiba penye kiungo, na katazo la kupakia watu, jambo ambalo serikali za vijiji zaweza kulisimamia.

Mahali pa kuanzia ni hapo Mpemba, kando ya mizani, ambapo magari husimama hata sasa. Matela yenye namba za nchi jirani yapimwe vile vile, kwa mapatano kama yale yaliyowezesha Tanzania na Zambia kufungua kituo kimoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde mwaka 2019. Twaiomba Wizara ya Mambo ya Ndani na ile ya Uchukuzi ziseme ni lini mashine ya kwanza itafika Songwe, na nani atakayelipia.