Ajali ina kinga: tulinde vichwa vya watu wetu

Kila tunapomzika kijana wa bodaboda, hakosi mtu wa kusema, "Ajali haina kinga." Msemo huu unafariji, lakini unatulaza usingizi. Kuumia kichwa kuna kinga, na sisi Wakristo wa Usambara tunapaswa kulisema hilo hata kanisani.

Tuitazame hali yetu. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita zipatazo 33 za kona na mteremko, huku bonde likiwa upande mmoja na mwamba upande mwingine. Ukitoka lami kwenda vigango vya milimani, njia ni za udongo, na mvua ikinyesha zinateleza. Huko pikipiki ndiyo basi, ndiyo lori la kabichi, ndiyo gari la wagonjwa. Tunapanda mishikaki, mama na mtoto nyuma ya dereva, vichwa wazi.

Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti wamefuatilia kwa miaka mingi wagonjwa walioumia ubongo. Wengi ni wanaume vijana, na chanzo kikuu ni ajali za barabarani. Hao ndio nguvu kazi ya familia zetu. Upasuaji wa ubongo hufanyika katika hospitali chache nchini. Kutoka kwetu hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 100, na damu inayovuja ndani ya fuvu haisubiri.

Kinga ipo. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa mwendesha pikipiki kwa takribani asilimia 69, na hatari ya kufa kwa asilimia 42. Ni sharti iwe imefungwa mkanda kidevuni. Ikining'inia kwenye usukani haimlindi mtu. Abiria wengi huikataa kwa sababu ni chafu na inanuka. Basi tufunge kitambaa safi kichwani kabla ya kuivaa.

Hili ni suala la imani pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kuwa anayehatarisha usalama wake na wa wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi anatenda kosa zito. Amri ya tano haikomi kwenye panga na bunduki.

Tufanye nini? Kwanza, pikipiki ya parokia iwe na kofia mbili, na paroko, katekista na mseminari aliye katika kazi za kichungaji wawe wa kwanza kuzivaa. Pili, kila jumuiya ndogo ndogo ijue dalili za hatari. Aliyegonga kichwa anaweza kuinuka, akazungumza, kisha baada ya saa kadhaa hali ikabadilika. Akitapika mara kwa mara, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa, akipata degedege au akitoka damu au majimaji masikioni au puani, awahishwe hospitali. Shingo yake isitikiswe, na asikalishwe katikati ya watu wawili juu ya pikipiki.

Tatu, tumkumbuke aliyepona nusu. Baada ya jeraha la ubongo mtu anaweza kuwa msahaulifu, mwenye hasira za ghafla au mwenye kifafa. Mtaani husemwa amerogwa, au amekuwa mlevi. Mke huchoka, marafiki hukimbia. Mtu huyo hajarogwa, ameumia. Anahitaji kliniki, dawa na watu wa kumtembelea.

Msamaria Mwema alimfunga majeruhi majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa gharama za nyumba ya wageni. Njia ile ya kuteremka Yeriko inafanana sana na hii yetu ya kuteremka Mombo. Tuwe tayari kufunga majeraha, lakini kwanza tufunge mikanda ya kofia. Tahadhari kabla ya hatari.