Usilaumu pikapu, hesabu lita kwa gunia



Juzi nilikuwa natia mafuta pale Sakina. Kijana mmoja anayelima viazi na karoti upande wa Oldonyo Sambu akanifuata. "Shikamoo bwana shamba. Tangu nifunge hili tela, pikapu inakunywa dizeli mno. Nibadilishe nozeli, au niuze tela?"

Nikalitazama tela lenyewe. Refu, la chuma kizito, na ndani kuna magunia sita tu ya pumba. Nikamuuliza, "Jana ulishusha gunia ngapi Kilombero?" Akasema kumi na mbili. Nikamwambia, mdogo wangu, nozeli haina kosa.

Wengi wetu tunapima mafuta kwa kilomita: gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita moja. Kwa mtu anayekwenda kazini hiyo inatosha. Kwa mkulima wa biashara haitoshi, kwa sababu wewe huuzi kilomita, unauza viazi. Kipimo chako ni lita ngapi kwa kila gunia lililofika sokoni.

Tuchukulie mfano. Shamba liko kilomita 40 kutoka sokoni, na gunia ni lile halali la kilo 100, siyo lumbesa. Pikapu peke yake inabeba gunia 10, na kwenda na kurudi inatumia lita 7. Hiyo ni lita 0.7 kwa gunia. Ukifunga tela likajaa, unabeba gunia 25 kwa lita 11. Hapo ni lita 0.44 kwa gunia. Faida ipo, tena kubwa. Sasa ukifunga tela lilelile ukabeba gunia 12, utatumia kama lita 9, yaani lita 0.75 kwa gunia. Umeshapitwa na yule asiye na tela kabisa! Namba za gari lako zitakuwa tofauti, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tela lisipojaa, liache nyumbani. Tela la kilo 500 tupu ni sawa na kubeba gunia tano ambazo hakuna atakayezinunua. Na kwetu huku unazipandisha mlima kila siku, kutoka Sakina kwenda Ngaramtoni na kuendelea. Kama mzigo wako ni mdogo, ungana na majirani wawili mjaze tela moja, mchangie mafuta. Wakati wa kurudi beba mbolea au pumba ya watu wote watatu. Mkishindwa kujaza, kukodi Kenta mara moja kwa wiki kunaweza kuwa nafuu.

Ukishajaza, mafuta yanaokolewa hivi:

Kwanza, mwendo. Nguvu ya upepo unaosukuma tela haikui polepole. Ukitoka kilomita 60 kwa saa ukaenda 80, inapanda kwa zaidi ya robo tatu. Funga turubai likaze, lisipepee kama bendera.

Pili, tairi. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, na za tela pia, maana ndizo zinazosahaulika. Tairi laini linameza mafuta, halafu linapasuka siku ya soko.

Tatu, mpangilio wa mzigo. Kwenye ndoano ukae uzito wa kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela lote. Mzigo ukilalia nyuma, tela linayumba.

Nne, mteremko. Kuna madereva wanaweka nyutro kushuka mjini eti wanabana mafuta. Jamani! Injini za dizeli za kisasa, ukiwa ndani ya gia na umetoa mguu kwenye mafuta, hazipeleki dizeli kabisa. Kwenye nyutro injini inaendelea kunywa ili isizime, na breki zinabaki peke yake kushika tani mbili, tatu.

Hapo kwenye breki sicheki na mtu. Soma kitabu cha gari. Kwa pikapu nyingi, tela lisilo na breki zake linaruhusiwa kilo 750 tu, pamoja na uzito wa tela lenyewe. Hayo matela mnayochomelewa mtaani mengi hayana breki. Ukitaka kubeba tani moja na nusu, weka breki kwanza. Hakuna lita utakayookoa itakayolipa roho ya mtu aliyekuwa anavuka barabara.

EWURA wanatangaza bei ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hiyo bei huwezi kuibadilisha. Unachoweza ni daftari. Jaza tangi, andika kilomita, andika gunia ulizoshusha, kisha jaza tena pampu ileile. Fanya safari nne na tela, nne bila tela. Ukimaliza, gawa lita kwa gunia. Halafu ndiyo uniulize kama tela liuzwe.