Choo Kikijaa, Wajibu ni wa Nani?



Kila kipindupindu kinapozuka, lawama huwaangukia maskini. Huambiwa kuwa ni wachafu, hawanawi mikono, hawataki kuchimba vyoo. Hatuyapingi mafundisho ya usafi. Lakini twauliza: mwananchi akishachimba choo, na choo hicho kikajaa, wajibu ni wa nani?

Watu wetu hawakukataa kuchimba. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili wa Tanzania walikutana katika vikundi kusikiliza mafundisho ya redio, kisha wakashika majembe na sururu. Vyoo vingi vilijengwa kwa nguvu zao wenyewe. Kijijini nafasi ipo: shimo likijaa hufukiwa, likachimbwa jingine. Mjini nafasi hiyo haipo.

Tazameni Tandale au Vingunguti, jijini Dar es Salaam. Nyumba zimebanana, na gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya vichochoroni. Shimo likijaa, wapo wanaongoja mvua kubwa ili walitapishe. Wengine humwajiri kijana aingie shimoni na ndoo, bila glavu wala viatu, kwa ujira mdogo. Uchafu huishia mtaroni, na kutoka mtaroni hufika kisimani kwa jirani. Hapo hata familia inayonawa mikono kila siku haisalimiki.

Matokeo yake twayajua. Mwaka 1997 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 2,000 nchini Tanzania. Kilipozuka tena Dar es Salaam, Agosti 2015, kilienea mikoani, na katika muda usiofika mwaka mmoja zaidi ya watu 20,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 300 wamefariki.

Husemwa kwamba serikali hazina fedha. Twajibu kwamba fedha hutumika hata hivyo, ila kwa kuchelewa: kwa dripu, kwa dawa, kwa kambi za wagonjwa. Juu ya hayo, mzazi hupoteza siku za kazi na mtoto hupoteza masomo. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kila dola moja inayowekwa katika vyoo na uondoaji wa majitaka huleta faida ya dola zipatazo 5.5. Nao mawaziri wa Afrika waliokutana eThekwini, Afrika ya Kusini, mwaka 2008, walikubaliana kulenga angalau asilimia 0.5 ya pato la taifa kwa kazi hiyo. Ahadi ya namna hiyo haina budi kuonekana katika bajeti.

Wala haisemwi kweli kwamba mitaa iliyosongamana haiwezekani kuhudumiwa. Tangu miaka ya 1980 miji ya Brazil imelaza mabomba membamba, ya kina kifupi, yakipita viwanjani na vichochoroni mwa makazi ya maskini. Lakini bomba la mtaa lazima liungane na bomba kuu, na bomba kuu liishie kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka. Kazi hiyo kaya moja haiiwezi, kama isivyoweza kujenga barabara kuu. Kumtoza faini maskini kwa kukosa kitu ambacho serikali peke yake yaweza kukijenga si haki.

Viongozi wa walei, jambo hili lisiachiwe wataalamu pekee. Katika jumuiya ndogo ndogo tuorodheshe vyoo vilivyojaa na visima vilivyo karibu navyo. Katika mikutano ya mtaa tumwulize diwani: Ni kiasi gani kimetengwa mwaka huu kwa majitaka? Magari ya kunyonya ni mangapi, na humwaga wapi? Vijana wanaoingia mashimoni wanalindwaje? Asipokuwa na jibu, tumwombe alilete mkutano ujao, na tuwepo kulisikia.

Mwananchi amekwisha kuchimba. Sasa ni zamu ya serikali.