Maziwa ya Mama Aliyetoka Kazini

Mama mzazi wa Madimba akishatimiza arobaini, haulizwi kama atafanya mazoezi. Mikorosho inataka palizi, maji yanataka kuchotwa, na siku za bamvua, bahari ikikupwa, wenzake wanashuka mwambani kuchokoa pweza. Kazi hiyo humtia hofu moja: je, maziwa ya mwili uliochoka na kupigwa jua yanamfaa mtoto? Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga kwanza. Wapo pia wanaokimbilia uji kabla mtoto hajatimiza miezi 6.

Yanamfaa.

Mwaka 1994 Kathryn Dewey na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichapisha utafiti wa wanawake 33 wanaonyonyesha. Kundi moja lilifanya mazoezi dakika 45 kwa siku, siku 5 kwa wiki, muda wa wiki 12. La pili halikufanya. Wingi wa maziwa, ubora wake na uzito walioongeza watoto haukutofautiana. Hofu kwamba maziwa huwa machachu baada ya kazi nayo ina asili yake: mwanzoni mwa miaka ya 1990, Janet Wallace wa Marekani aliona asidi ikipanda katika maziwa ya mama aliyejikakamua hadi mwisho wa nguvu zake, na watoto wakakunja uso. Lakini walikuwa wakidondoshewa maziwa mdomoni, hawakunyonya titi, na uchunguzi wa baadaye haukuwaona watoto wakiyakataa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikuta sukari moja yenye manufaa ikiwa nyingi zaidi katika maziwa ya kina mama wanaotembea sana. Faida zake kwa afya zilionekana kwa watoto wa panya, hivyo ni mapema mno kumwahidi mama yeyote.

Tunachokihofia sisi ni saa. Mama akikaa mwambani hadi maji yajae, mtoto aliyeachwa kwa bibi hukosa kunyonya, na titi lisilonyonywa hupunguza kutengeneza maziwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, kisha hadi saa 2 za kunyonyesha kila siku ya kazi. Mwajiriwa wa kiwanda cha kuchakata gesi hapa Madimba anazidai kwa haki. Jirani yake mwenye jembe atamdai nani?

Kwa maoni yetu, pa kuanzia ni kliniki. Mtoto anapopimwa uzito, muuguzi amuulize mama anakaa mbali naye saa ngapi, na baba aitwe aeleze nani anachota maji nyumbani.