Kupima Matiti: Jua Kwanza, Kisha Uamue

Jumapili moja baada ya ibada mama mmoja alitungoja mlangoni mpaka wenzake walipoondoka. Akasema kwa sauti ya chini: "Dada, kwenye titi langu kuna kitu kigumu. Hakiumi. Nina miezi minne nangoja ile siku ya kupimwa bure."

Tulishtuka, kwa maana tangazo la siku hiyo tulilisoma sisi wenyewe. Tulimwambia: "Usingoje tena, mama. Kesho asubuhi nenda hospitali."

Tangu siku ile tumejifunza kutenganisha mambo mawili.

La kwanza ni dalili. Uvimbe kwenye titi au kwapani, ngozi kubonyea au kufanana na ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani wakati haikuwa hivyo, chuchu kutoa damu: ukiona mojawapo, usikawie, uwe na miaka 25 au 70, hata kama unanyonyesha. Uvimbe mwingi wa matiti si saratani, lakini hakuna awezaye kujua kwa kugusa tu. Wala usijifariji kwamba hauumi, maana saratani ya matiti mara nyingi huanza bila maumivu. Tuombe, ndiyo, lakini twende na hospitali. Luka naye alikuwa tabibu.

La pili ni kupimwa ukiwa huna dalili yoyote. Hapa mama ana nafasi ya kuchagua, na ni haki yake kuelezwa faida na hasara. Kipimo kinachojulikana zaidi ni mamografia, yaani eksirei ya matiti. Titi hubanwa kati ya vibao viwili kwa muda mfupi. Faida yake ni kwamba huweza kuonyesha saratani ikiwa bado ndogo, kabla mkono haujaigusa, wakati tiba ina matumaini zaidi.

Hasara nazo zipo. Huko Uingereza, ambako wanawake wa miaka 50 hadi 70 huitwa kila baada ya miaka 3, katika kila 100 wanaopimwa wapatao 4 huitwa tena kwa vipimo zaidi, na kati ya hao ni mmoja hivi anayekutwa na saratani. Wengine wamekosa usingizi bure. Kipimo pia huweza kukosa kuiona saratani iliyopo, hasa kwa wanawake vijana. Na mara nyingine huonyesha saratani ya polepole ambayo isingemdhuru mama maishani mwake, naye akatibiwa pasipo lazima.

Shirika la Afya Duniani hushauri mamografia kila baada ya miaka 2 kwa wanawake wa miaka 50 hadi 69, mahali penye huduma za kutosha. Marekani wataalamu walishauri mwaka 2024 kuanza na miaka 40. Basi usishangae ukisikia ushauri unaotofautiana.

Kabla ya kukubali au kukataa, muulize daktari: Kwa umri wangu, kipimo hiki kinanifaa? Mama yangu au dada yangu aliwahi kuugua saratani ya matiti. Je, hilo linabadili nini? Nikikutwa na tatizo nitapelekwa wapi, na gharama ni kiasi gani? Hapa Tanzania swali hili la mwisho ni zito, kwani tiba ya mionzi hupatikana katika hospitali chache, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Zungumza na mumeo mapema, msije mkaanza kutafuta nauli siku ya majibu.

Yule mama alikwenda, na mumewe akamsindikiza. Ilikuwa saratani. Amefanyiwa upasuaji na anaendelea na dawa. Hakutulaumu hata kidogo. Lakini sasa kila tunapotangaza siku ya kupima, neno letu la kwanza ni hili: mwenye dalili asiingoje siku hiyo.